Rangi za kichupa zikigoma: dalili, vyanzo na marekebisho kwa wanaopiga video Bagamoyo

Video nyingi za muziki zinazopigwa Bagamoyo huzunguka sehemu zilezile: ufukweni, soko la samaki, vichochoro vya Mji Mkongwe na milango yake ya nakshi, magofu ya Kaole. Malalamiko yanayokuja baada ya kuhariri nayo hufanana. Nimeyapanga hapa kwa dalili. Chini ya kila dalili nimeanza na chanzo kinachotokea mara nyingi na ukaguzi usiogharimu kitu, kisha marekebisho mazito, na pale ambapo ni afadhali uache mkono na umtafute mwenye ujuzi nimesema wazi. Mifano ni ya DaVinci Resolve, kwa kuwa toleo lake la bure ndilo lililo kwenye laptop nyingi, lakini kanuni ni zilezile kwenye programu nyingine.

## Kabla ya kugusa gurudumu lolote la rangi

Nakili klipu zote sehemu mbili. Zima ile hali ya skrini kuwa ya njano usiku. Weka mwanga wa skrini kwenye kiwango kimoja na usiubadilishe hadi umalize kazi. Usiweke rangi ukiwa barazani mchana wala mkabala na dirisha. Jicho lililozoea jua la nje litakudanganya kwamba picha ni giza, nawe utaipandisha bila sababu.

Kisha sikiliza wimbo bila picha. Andika neno moja la hisia yake: majonzi, hamu, bashasha, kiburi, toba. Neno hilo ndilo litakaloamua kama rangi imekaa au haijakaa. Buluu si kosa wala si sahihi mpaka ujue wimbo unasema nini.

Kazi yenyewe ina hatua tatu, na zifuate kwa mpangilio huu: sawazisha kila klipu, linganisha klipu na klipu, halafu ndipo uweke hisia. Sehemu kubwa ya matatizo yaliyo hapa chini huzaliwa na mtu aliyeanzia hatua ya tatu.

## Dalili: picha imepauka, kana kwamba kuna moshi

Chanzo cha kwanza kwa mbali ni picha ya logi ambayo haijageuzwa. Kamera ikirekodi S-Log3, V-Log au D-Log, picha hutoka ya kijivu kwa makusudi, ili ihifadhi mwanga na vivuli vingi. Angalia jina la mfumo uliotumika kwenye kamera, kisha uigeuze kwenda Rec.709 (kiwango cha rangi cha video za kawaida) kwa kutumia kigeuzi cha nafasi ya rangi kilichomo ndani ya programu, au LUT (faili la kubadili rangi lililoandaliwa tayari) ya kampuni iliyotengeneza kamera hiyo. LUT ya kamera nyingine haifai hata kama inapendeza kwa klipu moja.

Chanzo cha pili: LUT ya hisia imewekwa kabla ya kugeuza. LUT nyingi zinazogawiwa mtandaoni hutarajia picha ambayo tayari ni Rec.709. Kwenye nodi, yaani hatua za marekebisho zinazofuatana ndani ya Resolve, kugeuza kuje kwanza, hisia ifuate.

Cha tatu ni viwango vya data. Klipu ya 16 hadi 235 ikisomwa kana kwamba ni 0 hadi 255, weusi hupanda na kuwa kijivu, na weupe hushuka. Fungua sifa za klipu, badilisha kati ya viwango vya video na viwango kamili, na uangalie wevufomu, ile grafu ya mwangaza. Picha ikikaa sawa mara moja, umepata jibu.

Cha nne watu hukisahau, nacho ni cha kwetu pwani: lenzi. Upepo wa baharini huacha utando wa chumvi kwenye kioo, na kamera iliyotoka kwenye gari lenye kiyoyozi hupata mvuke mara inapofunguliwa ufukweni. Linganisha klipu za mwanzo na zile zilizopigwa baada ya lenzi kufutwa. Kushusha lifti (gurudumu la vivuli) na kuongeza kontrasti kutasaidia kiasi, ila ukungu ulioganda mbele ya taa au jua hauondoki kwa rangi. Safari nyingine, iache kamera kwenye begi lililofungwa mpaka izoee joto la nje.

Simama hapa: ukiona nyuzinyuzi au madoa ndani ya lenzi, upande usiofikika kwa kitambaa, huo ni ukungu unaoota kwa unyevu, yaani kuvu. Usiifungue. Ipeleke kwa fundi wa kamera, na usiihifadhi pamoja na lenzi zako zilizo salama.

## Dalili: ngozi ya msanii imekuwa ya kijivu, ya chungwa au ya kijani

Hapa ndipo video hufa au kupona. Mtazamaji atasamehe anga la ajabu. Uso wa mtu anayemjua hatausamehe.

Anza na kipimo. Fungua vektaskopu, lile duara linaloonyesha rangi, na uwashe mstari wa ngozi. Mstari huo unapita kati ya nyekundu na njano, na ngozi za watu wa rangi zote hukaa karibu nao. Kinachotofautisha mweusi na maji ya kunde ni mwangaza na ukolezo zaidi kuliko mwelekeo wa rangi. Kata picha kwa pawa windo (dirisha unalochora juu ya picha ili kushughulikia sehemu hiyo pekee) ibaki sehemu ya shavu tu, uone inaelekea wapi. Ikivutwa upande wa kijani au wa zambarau, umeshajua unarudisha nini.

*Kijivu.* Mara nyingi mtu alitaka majonzi, akaivuta picha nzima kwenda buluu. Ngozi nyeusi ina uvuguvugu wake wa nyekundu na njano. Buluu ikimwagwa juu yake rangi hizo huuana, kinabaki kijivu, na msanii anaonekana mgonjwa. Futa. Weka buluu kwenye vivuli pekee, acha mwangaza wa kati na wa juu kama ulivyo. Kama bado haitoshi, chagua ngozi kwa kichaguzi cha rangi, lainisha kingo, na urudishe joto humo kidogo kidogo. Majonzi yanabaki kwenye ukuta na anga, na mtu anabaki hai katikati yake.

*Chungwa.* Karibu kila mara ni LUT iliyowekwa kwa nguvu zote. Punguza nguvu ya nodi hiyo hadi nusu au chini ya nusu kabla ya kufanya jambo jingine. Kumbuka pia kwamba LUT iliyojaribiwa kwenye ngozi nyeupe tu inaweza kumsukuma mtu mweusi kwenye rangi ya shaba ambayo hana. Ukiishusha na ngozi ikaendelea kugoma, iache LUT hiyo. Utatumia muda mfupi zaidi kujenga rangi yako mwenyewe kuliko kupigana nayo.

*Kijani.* Tazama klipu ilipigwa wapi. Chini ya mwembe, majani huchuja na kuakisi kijani usoni. Kwenye kichochoro chenye ukuta uliopakwa rangi kali, ukuta humrudishia msanii rangi yake. Taa za LED za bei ya chini zina kijani pia. Sogeza tinti (kipimo cha kijani na magenta) kuelekea magenta kidogo, ukiangalia weupe wa macho na meno kuliko shavu, kwa sababu hapo jicho hudanganyika kwa shida zaidi.

Kuna rangi moja usiifukuze: ule mng'ao wa buluu hafifu kwenye paji la uso au bega pale msanii anaposimama kivulini mchana. Ni anga linaloakisiwa na ngozi, na ndilo linaloipa umbo. Anayeliua kwa kichaguzi hubaki na uso bapa.

Chanzo cha nadra zaidi ni vipodozi: uso umepakwa rangi moja na shingo ina rangi nyingine. Unaweza kufunika uso kwa pawa windo na kuutraki, yaani dirisha liufuate unaposogea, kwa klipu chache, lakini kwa video nzima ni kazi ya siku kadhaa. Ongea na mpambaji kabla ya kupiga.

Na kuna ombi linalokuja kwa sauti ya chini: "Kaka, nifanye mweupe kidogo." Mara nyingi anachokiona msanii ni uso uliokosa mwanga. Pandisha gama (mwangaza wa kati) ndani ya dirisha la uso, rudisha kontrasti kwenye mashavu, halafu mwonyeshe tena. Kwa ngozi nyeusi iliyopigwa vizuri, wevufomu huonyesha uso kwenye asilimia kama 35 hadi 50, na sehemu zinazong'aa juu ya hapo. Ngozi nyeusi yenye mwanga wa kutosha ni nzuri mno kwenye skrini, na ni jukumu letu kuionyesha hivyo.

## Dalili: kanzu nyeupe imeungua, uso ni giza

Kaswida, taarabu, harusi: kanzu nyeupe na jua la saa sita. Bagamoyo iko karibu nyuzi 6 na nusu kusini mwa ikweta. Mwanzoni mwa Machi na tena mwanzoni mwa Oktoba jua la adhuhuri huwa utosini kabisa, na macho yote huzama kwenye vivuli vya nyusi.

Kagua kwanza kama weupe umeungua kweli. Shusha geini (gurudumu la sehemu zenye mwanga mkali). Mikunjo ya kanzu ikijitokeza, mwanga upo, umezidi tu. Kichague kitambaa kwa mwangaza wake, kishushe, kisha upandishe uso kwa dirisha. Ukishusha na kanzu ikageuka kijivu kisicho na mkunjo wowote, hakuna kilichorekodiwa hapo. Iache iwe nyeupe, punguza kontrasti ya eneo hilo, na uchague klipu nyingine kwa picha za karibu.

Kama bado uko lokesheni, dawa ni rahisi kuliko yote haya: mtoe msanii juani umweke kwenye kivuli cha wazi cha baraza, mtandikie shuka jeupe chini au mbele liakisi mwanga usoni, na upime mwanga kwa kanzu.

## Dalili: klipu zinarukaruka, kila moja na rangi yake

Chanzo kikuu ni waiti balansi (mpangilio wa kamera unaoamua weupe uwe wa joto au wa baridi) iliyoachwa ijipange yenyewe. Kamera ikimwona msanii mwenye khanga nyekundu inapoza picha. Akigeuka bahari ikaonekana, inaipasha. Mabadiliko hutokea katikati ya klipu moja, na hapo lazima uweke alama za mwanzo na mwisho ili marekebisho yahame polepole. Mchana wa jua funga kamera kwenye 5600K, uepuke yote hayo.

Chanzo cha pili ni saa. Watu hutoka Dar es Salaam asubuhi wakifika saa nne, wakiwa na ndoto ya jua linalozama baharini. Bahari yetu iko mashariki. Jua huchomoza baharini na kuzama nyuma ya mji. Ukitaka mwanga wa dhahabu nyuma ya msanii na maji pamoja naye, uwe umeshaweka kamera tayari kabla ya saa 12:30 asubuhi. Jioni ufukwe unapata mwanga laini, wa baridi, mzuri sana kwa wimbo wa majuto, lakini dhahabu huko hakuna. Usijaribu kuipaka; vivuli vitaonyesha jua liko upande mwingine. Na jioni yenyewe ni fupi: jua likishazama una dakika kama 20 za mwanga wa kutumika.

Cha tatu ni maji. Kati ya kupwa na kujaa, ufukwe hubadilika kabisa. Mchanga mkavu ni mweupe na hurudisha mwanga mwingi usoni; mchanga uliotoka kufunikwa na maji ni wa kahawia na hunywa mwanga. Siku za bamvua tofauti ni kubwa zaidi. Kama klipu mbili zinapishana kwa saa tatu, usizilazimishe kufanana kwa picha nzima. Linganisha ngozi kwanza, kisha weusi, na mchanga uwe wa mwisho. Ngozi ikifanana, jicho hukubali mengine mengi.

Kwa ulinganishaji wenyewe, chagua klipu moja iliyo bora katika kila eneo, ihifadhi kama picha ya rejea, gawa skrini katikati, na ufuate paredi ya RGB, grafu inayoonyesha rangi tatu kando kando: vilele na vitako vya nyekundu, kijani na buluu vikae usawa mmoja. Usilinganishe kila klipu na iliyo kabla yake, kwa sababu makosa madogo hurithiwa, na ukifika mwisho umeshahama mbali na ulipoanzia.

## Dalili: bahari ni ya matope, na ukiitia buluu kila kitu kinaharibika

Mto Ruvu unaingia Bahari ya Hindi kaskazini tu ya mji, na wakati wa masika unaleta udongo. Maji ya karibu na ufukwe huwa ya kijani iliyochanganyika na kahawia. Mtu akijaribu kuyageuza yawe ya feruzi, kichaguzi hushika mchanga, mbao za ngalawa na ngozi ya msanii kwa pamoja, maana zote ziko jirani kwenye duara la rangi.

Jaribu kwanza kwa kiasi: mchoro wa rangi dhidi ya rangi (Hue vs Hue), kijani ya maji isogee kidogo kuelekea samawati, ukiwa na dirisha linalokata juu ya mstari wa ufukwe. Ukiona kingo za nywele zinang'aa samawati, umezidisha.

Ushauri wangu ni kuiacha bahari iwe ilivyo. Ile kijani nzito pamoja na mbao zilizochakaa na moshi wa sokoni ina uzito ambao feruzi haina. Wimbo wa msafiri, wa mvuvi, wa mtu aliyeachwa, unabebwa vizuri na maji yale.

## Dalili: kila kipimo kiko sawa, lakini video haina hisia

Hili ndilo gumu, kwa sababu grafu hazisaidii. Nimeona vyanzo vitatu vikijirudia.

Mara nyingi rangi ni nyingi mno. Shati jekundu, ukuta wa njano, mlango wa buluu, khanga ya kijani, vyote vimekolezwa sawa. Hisia inahitaji rangi moja iongoze. Punguza ukolezo wa picha nzima hadi ikaribie kuwa kimya, halafu rudisha rangi moja inayolingana na neno uliloandika mwanzoni. Kwa hamu, labda wekundu wa khanga. Kwa toba, labda weupe wa kanzu kwenye kijivu cha mawe ya matumbawe ya Kaole. (Pale kuna msikiti wa kale na makaburi, rangi za klabu, zambarau na waridi zinazowaka, zinamkera mwenyeji na kuuangusha wimbo.)

Chanzo cha pili: rangi imekaa palepale tangu mwanzo hadi mwisho, wakati wimbo unahama. Sikiliza daraja la wimbo linapoingia, au ngoma zinaponyamaza. Ubeti unaweza kuwa na vivuli vya baridi na kiitikio kikapata joto, kwa tofauti ndogo ambayo mtazamaji hawezi kuitaja lakini anaisikia. Singeli haitaki mpito laini, inataka kontrasti kali na mikato. Taarabu inapenda weusi mwororo na taa zenye joto. Bongo Fleva ya mapenzi huharibiwa na weusi uliokandamizwa mpaka macho ya msanii hayaonekani.

Cha tatu ni kontrasti kuachwa ilivyo. Wengi hutafuta hisia kwenye magurudumu ya rangi tu. Geuza picha iwe nyeusi na nyeupe kwa muda. Ikiwa haina hisia hapo, rudi kwenye mwanga: punguza mwanga pembezoni, shusha ukuta wa nyuma, acha uso uongoze. Rangi irudishwe baadaye.

Simama hapa: kama dairekta, msanii na meneja kila mmoja ana neno lake la hisia, usiendelee kutengeneza toleo la nne na la tano. Wakae pamoja wachague picha tatu za rejea. Na kama video inapelekwa televisheni, mpe mweka rangi mwenye skrini iliyopimwa na anayejua viwango vinavyokubalika na kituo.

## Dalili: usiku una chengachenga, au "usiku" wako ni mchana uliopakwa buluu

Chengachenga hutokana na mwanga mdogo kuliko kitu kingine chochote, kisha ISO (usikivu wa kamera kwa mwanga) ya juu, kisha mhariri kupandisha vivuli. Acha vivuli viwe vyeusi. Shusha lifti, punguza ukolezo wa vivuli; chenga za rangi huudhi kuliko za kijivu. Kifaa cha kusafisha chenga cha Resolve kipo kwenye toleo la kulipia tu.

Ukitaka kugeuza mchana kuwa usiku, kazi huanza kwenye kamera: jua liwe nyuma ya msanii, anga lisiingie kwenye fremu, mwanga upungue kama stopu mbili (kila stopu hupunguza mwanga kwa nusu), na waiti balansi iwe 3200K. Klipu yenye anga jeupe la adhuhuri haiwi usiku hata ufanyeje.

Picha ikimetameta au kuonyesha mistari inayopanda, ni shata (muda wa kamera kupokea mwanga kwa kila fremu) na umeme. Umeme wetu ni 50Hz, kwa hiyo tumia 1/50 au 1/100. Ukipiga fremu 25 kwa sekunde, 1/50 inatosha. Jenereta isiyotulia inaweza kumetesha hata hivyo. Kuondoa kumeta baada ya kupiga ni vigumu, na mistari mipana mara nyingi haiondoki.

Simama hapa: taa ikitoa harufu, waya ukipata moto, au kuna maji ya bahari karibu na viunganishi, zima jenereta na umwite fundi umeme. Usiguse kwa mkono wenye maji.

## Dalili: kwenye laptop nzuri, kwenye simu mbaya

Uliza kwanza mteja ameiona wapi. Kama ni WhatsApp, imebanwa. Itume kama hati au kiungo. Kisha uliza kama simu yake iko kwenye rangi za kukoleza au kwenye njano ya usiku. Malalamiko mengi huishia hapo.

Ikiwa inapauka kwenye QuickTime ya Mac peke yake, ni alama ya gama kwenye faili, ile inayoiambia programu isome mwangaza vipi; eksipoti tena ukichagua Rec.709-A. Ikiwa anga lina ngazi badala ya kufifia taratibu, faili la biti 8 lina viwango 256 tu kwa kila rangi, na umelinyoosha kupita uwezo wake. Punguza kunyoosha, tia punje kidogo kwenye anga, na uongeze kasi ya data. YouTube inapendekeza Mbps (megabiti kwa sekunde) 8 kwa 1080p ya fremu 24 hadi 30, na Mbps 35 hadi 45 kwa 4K. Ukiwa na bando la kutosha, panda na 4K hata kama ulipiga 1080p. YouTube huipa picha hiyo nafasi kubwa zaidi ya data.

Faili likigoma kufunguka, au kadi ikisema inahitaji kufomatiwa, usikubali, na usirekodi kitu kingine juu yake. Itoe, iweke kando, na uipeleke kwa mtu anayerejesha data kabla hujajaribu programu yoyote ya mtandaoni.